Usikimbilie mashine mpya ya gemu, Novemba yao si Novemba yetu

UKIPITA Nyakuron jua likizama, kabla hujafika kwenye lango la Kituo cha Utamaduni, utazisikia jenereta ndogo zikinguruma nyuma ya vibanda vya mabati. Nyingine zinachaji simu za watu, nyingine zinapoza soda. Lakini zipo zinazoendesha runinga mbili au tatu na mashine za gemu. Mbele ya kila runinga wamekaa vijana wawili kwenye benchi, kila mmoja na padi yake mkononi, na nyuma yao wamesimama wengine wanane wakingoja zamu. Aliyefungwa ndiye anayelipa.

Wenye kuicheka biashara hii hawajawahi kukaa mlangoni wakahesabu noti. Wengi walioianzisha ni ndugu zetu waliorejea nyumbani. Wapo waliorudi kutoka Kampala, Nairobi na Kakuma baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005, wapo waliorudi kwa furaha ya uhuru mwaka 2011, na wapo waliokimbia Khartoum baada ya vita vya Aprili 2023. Mtu alirudi na akiba ndogo, hana shamba karibu, hana mjomba ofisini, akanunua mashine mbili na jenereta ili watoto wapate kula.

Ndugu hao sasa wana swali moja, nami nimelisikia vibarazani na ndani ya mabasi ya Nimule: je, tulete mashine za kizazi kipya sasa, au tusubiri? Anayeuliza anashika dola mia tano au sita ambazo ndizo mtaji wake wote. Akikosea tarehe, hakuna benki itakayomwinua. Kwa hiyo nimeona leo tuzungumze habari ya wakati: wakati wa kampuni kutoa mashine, na wakati wa sisi kuinunua. Hizi ni nyakati mbili tofauti, na anayezichanganya ndiye anayefilisika.

Tuanze na wenye mali. Sony ilitoa PlayStation ya kwanza nchini Japani Desemba 1994. Ya pili ikaja Machi 2000, ya tatu Novemba 2006, ya nne Novemba 2013 na ya tano Novemba 2020. Mara tatu mfululizo imekuwa Novemba. Sababu ni rahisi: Novemba ni mwezi wa manunuzi ya Krismasi huko Marekani na Ulaya, ambako mzazi anaingia dukani na mshahara wake au kadi yake ya benki. Tarehe ile hupangwa kwa kuangalia mfuko wa mzazi wa Chicago. Mfuko wa mwenye kibanda cha Nyakuron haumo katika hesabu hiyo.

Hata wao wenyewe hukosea tarehe, tena vibaya. Mwaka 1995 kampuni ya Sega ilikuwa imetangaza kwamba mashine yake ya Saturn ingeingia madukani Marekani Septemba. Ghafla, tarehe 11 Mei, ikasimama kwenye maonyesho ya Los Angeles na kutangaza kwamba mashine tayari iko madukani kwa dola 399. Ilidhani kwamba anayewahi ndiye anayeshinda. Maduka mengi hayakuwa yamepewa mzigo, yakakasirika, na gemu zenyewe zilikuwa chache. Siku hiyo hiyo Sony ikatangaza bei ya mashine yake: dola 299. Sega haikupona jeraha lile. Ikajaribu tena na Dreamcast mwishoni mwa 1998, ikawahi tena kuliko wenzake, na kufikia Machi 2001 ikaacha kabisa kutengeneza mashine.

Microsoft nayo iliwahi. Ilitoa Xbox 360 Novemba 2005, mwaka mzima kabla ya PlayStation 3. Ilipata wateja, lakini mashine nyingi za mwanzo zilikufa kwa joto, zikiwaka taa nyekundu tatu. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilitenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya kuzitengeneza. Ndugu msomaji, tajiri wa Marekani akiharakisha hulipa bilioni moja na kesho yake anaamka akiwa bado tajiri. Wewe mashine yako ikifa mwezi wa pili, hiyo dhamana ya kampuni utaidai wapi? Duka lililokuuzia liko Kampala, na mwenye duka naye alinunua kwa mtu wa Dubai.

Sasa tuje kwetu. Mashine ya kizazi kipya inatengenezwa Asia, inateremshwa Dubai, inapanda ndege au meli hadi Afrika Mashariki, inauzwa Kampala au Nairobi, kisha inapakiwa kwenye basi au lori kupitia Gulu hadi Elegu, inavuka Nimule na kupanda kilomita 192 za lami hadi Juba. Kila mkono unaoigusa unaongeza chake. Mashine ikiwa adimu, kila mkono unaongeza zaidi. Tuliliona jambo hili mwishoni mwa 2020 na mwaka mzima wa 2021. PlayStation 5 ilitangazwa kwa dola 499 ile yenye sehemu ya diski. Lakini dunia ilikuwa katika janga la korona, vipuri vya kielektroniki vilikuwa haba, na walanguzi wa Ulaya na Marekani walizizoa zilizokuwepo wakaziuza karibu mara mbili ya bei. Kama Mwingereza mwenyewe aliinunua kwa mlanguzi, ilifika Juba ikiwa na bei gani?

Aliyeileta wakati ule alijua kwamba vijana wangejaa mlangoni, na kweli walijaa. Wiki ya kwanza walikuja kuitazama, wiki ya pili walikuja kuicheza. Lakini waliilipia kiasi gani kwa mechi? Hapo ndipo hesabu inapouma. Kijana wa Nyakuron anayeosha pikipiki au kuuza vocha hana fedha mbili, moja ya mashine ya zamani na nyingine ya mashine mpya. Ana noti moja mfukoni, nayo ndiyo atakayotoa. Unaweza kumwongezea bei kidogo kwa muda, kisha atahamia kwa jirani ambako mechi ni ile ile na wachezaji ni wale wale, ingawa nyasi za uwanja hazing'ari sana.

Tuseme, kwa mfano tu, mashine moja mpya imekugharimu sawa na mashine tatu za PlayStation 4 zilizotumika. Mashine moja inakalisha watu wawili. Tatu zinakalisha sita. Usiku mmoja wenye umeme wa saa nne, na mechi ya dakika kumi na tano pamoja na kubadilishana, mashine moja inatoa mechi kumi na sita, tatu zinatoa mechi arobaini na nane. Utahitaji runinga zaidi, na mafuta zaidi ya jenereta, hilo sikatai. Lakini moja ikiharibika unabaki na mbili, na wale wa mashine moja wanafunga mlango. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Na tusisahau moto. PlayStation 2 ile nyembamba ilikuwa ikila chini ya wati 50, ndiyo maana ilivumilia jenereta zetu ndogo miaka yote ile. PlayStation 5 ikicheza gemu zake hula kama wati 200, kabla hujawasha runinga. Tangu Novemba 2019 Juba ina mtambo wa megawati 33 na baadhi ya mitaa imepata nyaya, lakini kila mwenye mita anajua jinsi salio linavyoyeyuka. Anayefikiria mashine mpya bila kufikiria mafuta na salio amenunua ng'ombe bila kuuliza malisho.

Basi ni wakati gani unaofaa? Mimi nina kipimo kimoja ambacho naona hakijatudanganya. Tazama gemu ya mpira, kwa sababu vibanda vyetu vinaishi kwa gemu ya mpira. Kila Septemba au Oktoba hutoka toleo jipya, lenye wachezaji waliohama na jezi mpya, na vijana hawataki kucheza na kikosi cha mwaka juzi. Siku toleo jipya litakapoacha kutoka kwa ajili ya mashine ya zamani, hiyo ndiyo siku mashine ile imeanza kufa kibiashara. Siku hiyo huchelewa sana kuliko siku ya uzinduzi.

Angalia kumbukumbu. PlayStation ya kwanza ilizaliwa 1994, na toleo lake la mwisho la FIFA lilitoka 2004, miaka kumi baadaye. PlayStation 2 ilizaliwa 2000, na ya mwisho ilikuwa FIFA 14, mwaka 2013. Hiyo ni miaka kumi na tatu! Sony yenyewe iliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, ikiwa imeuza zaidi ya milioni 150. PlayStation 3 ilizaliwa 2006, na ya mwisho ilikuwa FIFA 19, mwaka 2018. PlayStation 4 ilizaliwa 2013, na Septemba 2025, jina likiwa limebadilika kuwa EA Sports FC, toleo la FC 26 bado lilitoka kwa ajili yake.

Maana yake ni kwamba mashine huishi miaka kumi hadi kumi na tatu, lakini kizazi kinachofuata huja katikati ya maisha yake, baada ya miaka mitano, sita au saba. Katika nusu hiyo ya pili, mzungu anaiuza ya zamani ili anunue mpya. Zile za mitumba zinamiminika Dubai, Kampala na Luthuli Avenue kule Nairobi, bei inashuka, mafundi wameshajua ugonjwa wake, padi za akiba zipo kila mahali na diski zipo tele. Kwa mwenye kibanda, uzinduzi wa mashine mpya huko Tokyo ni habari njema kwa sababu ya mashine ya zamani. Siku wanapopanga foleni kununua mpya, sisi tupange foleni kununua waliyoiacha.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema kwamba anayewahi anajenga jina, na kibanda chake kinakuwa ndicho kibanda cha mtaa. Hilo ni kweli kwa mtu mmoja katika kila mtaa, mwenye mtaji wa kupoteza. Kama una mashine nne zinazolipa kodi ya nyumba na ada za shule, leta ya tano iwe mpya, uitumie kama bango. Lakini usiuze nne ili ununue moja. Na mtu anayeanza leo asianze na bango.

Watasema pia kwamba subira haina maana tena kwa sababu bei hazishuki kama zamani. Hapa wana hoja nzito na lazima nikiri. Zamani ulikuwa ukisubiri miaka mitatu au minne, mashine nyembamba inatoka kwa bei ndogo: PlayStation 3 nyembamba ilitoka 2009 kwa dola 299 wakati ya mwanzo yenye nafasi kubwa iliuzwa 599, na PlayStation 4 nyembamba ilitoka 2016 kwa dola 299 pia. PlayStation 5 imevunja desturi hiyo. Mwaka 2022 bei yake ilipandishwa katika nchi nyingi nje ya Marekani, na Agosti 2025 ikapandishwa Marekani kwenyewe kwa dola 50. Kwa hiyo anayekaa kusubiri punguzo la kampuni anaweza kukaa sana.

Na kuna saa nyingine inayokwenda mbio zaidi kuliko saa ya Sony, nayo ni pauni yetu. Desemba 2015 ilipoachwa ielee, dola moja iliruka kutoka pauni kama 3 hadi 18 na nusu kwa mara moja. Mwaka 2024, bomba la mafuta lilipopasuka Februari kule Sudan na mapato kukatika, pauni ilianguka tena, na mwisho wa mwaka ule dola ilikuwa imepita pauni 3,000. Mtu aliyekuwa akisubiri mashine mpya huku akiweka pauni chini ya godoro, godoro limemla. Kwa hiyo ninaposema subiri, sisemi ukae na noti. Nasema nunua leo mashine ya zamani iliyo nzima, ifanye kazi, ikulipe, na mapato yake yageuze kuwa dola, au diski, au padi, au mbuzi ukipenda. Mashine inayofanya kazi ni akiba bora kuliko mashine unayoiota.

Upande wa wafanyabiashara wa mpakani nina maneno matatu. La kwanza ni diski. Kampuni zinatusukuma kuelekea mashine zisizo na sehemu ya diski. Mwaka 2013 Microsoft ilitaka Xbox One iwe inajiunga na intaneti kila baada ya saa 24 na kuzibana diski zilizotumika, wanunuzi wakapiga kelele, na mwezi ule ule wa Juni ikarudi nyuma. Lakini wazo lile halikufa. PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024 iliuzwa dola 699 bila sehemu ya diski. Bila diski hakuna mitumba ya gemu, na bila mitumba ya gemu hakuna mzigo mdogo wa begani wa kuvuka nao Elegu. Mwenye kibanda atalazimika kuvuta gigabaiti makumi kadhaa kwa intaneti ya hapa. Ukileta PlayStation 5, leta yenye diski. Ina faida pia kwamba inasoma karibu diski zote za PlayStation 4, hivyo anayehama hatupi maktaba yake.

La pili ni tarehe ya safari. Soko letu la vijana linafunguka Desemba na Januari, shule zikiwa zimefungwa na ndugu wa ughaibuni wakiwa wamerudi. Lakini Desemba kila mtu anatafuta dola na kila lori linataka nafasi. Anayetaka kuuza Desemba awe amenunua Septemba au Oktoba, toleo jipya la mpira linapotoka. Tena aweke akiba ya siku za kukwama. Mwaka 2024 tuliona malori yakilala Nimule na Elegu kwa sababu ya ada mpya zilizozua ugomvi kati ya madereva na wakubwa. Mzigo wa Krismasi unaofika Februari ni mzigo wa hasara.

La tatu ni kwa wanaorudi kutoka Marekani na Kanada wakiwa na mashine kwenye begi. Soma maandishi madogo nyuma ya mashine. PlayStation 4 na 5 zinakubali umeme wa volti 100 hadi 240. Lakini PlayStation 2 nene ya Marekani na kibadilisha umeme cha Xbox 360 ya huko ni vya volti 120 hivi. Ukichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, utasikia mlio mmoja, na zawadi ya mpwa wako imekwisha.

Nayo serikali, iwe ya jimbo au ya taifa, isione kwamba haya ni mambo ya watoto. Nchi yetu iliridhia mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Mfanyabiashara mdogo anayevuka na mashine nne anataka kitu kimoja tu: ubao pale Nimule unaosema ushuru ni kiasi gani, na risiti moja inayoheshimiwa hadi Juba. Akipata hiyo, atapanga tarehe zake mwenyewe. Asipoipata, kila kizuizi njiani kinampangia.

Na wenye vibanda nao wajisaidie. Mlango usifunguliwe kwa mwenye sare ya shule asubuhi. Mtaa ukishaanza kusema kwamba kibanda kinaharibu watoto, hakuna mashine, mpya wala ya zamani, itakayokuokoa na mkono wa wazee wa mtaa.

Kizazi kijacho kinakuja, hilo halina shaka. Oktoba 2025 mhandisi mkuu wa Sony, Mark Cerny, alizungumza hadharani kuhusu teknolojia anayotaka kuiweka katika mashine ya baadaye, baada ya miaka michache. Ukihesabu miaka saba saba kama ilivyokuwa, utaangukia 2027 au karibu na hapo. Siku itakapotangazwa, simu zitajaa picha, na kijana fulani hapa Nyakuron atauza alichonacho apande basi la usiku kwenda Kampala.

Namwomba asubiri siku chache. Akae kwenye benchi la kibanda chake jioni moja, atazame wateja wake wanalipa nini na wanacheza nini, ahesabu mafuta ya jenereta, kisha aulize: je, toleo jipya la mpira bado linatoka kwa mashine niliyonayo? Kama jibu ni ndiyo, basi siku ya uzinduzi haijafika kwake. Apande basi hilo baadaye, wakati wenzake wa mbali wanaanza kuuza za zamani, na arudi na tatu badala ya moja.